Kilo Tatu za Katikati

Mke wangu alipotangaza kwamba anauacha mkanda wake wa ubingwa na kupanda uzito, hakuna aliyeshangaa. Kila aliyewahi kumwona siku ya kupimwa alijua kwamba ipo siku mizani itamshinda. Kilichowashangaza watu ni kwamba hakutaka kupanda daraja moja. Alitaka kuruka.

Nieleze kidogo, maana si kila mtu anafuatilia ngumi. Mke wangu alikuwa bingwa wa bantamu, uzito wa kilo hamsini na nne. Juu ya bantamu kuna unyoya, kilo hamsini na saba. Juu ya unyoya ndipo unaanza uzito mwepesi, kilo sitini, na wepesi wenyewe ni wa jina tu, kwa sababu walioko humo wana mikono kama magogo. Bondia akihama hupanda daraja linalofuata, akalizoea, na akiona mwili unaruhusu akapanda jingine. Yeye aliamua kulipita lile la katikati kama mtu anayepita duka lililofungwa.

Ulingoni wanamwita Sindano, kwa ajili ya ngumi yake ya kushoto inayoingia na kutoka kabla mwenzake hajajua amechomwa. Kazini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, yuko upande wa pasi, kwenye ile mashine kubwa inayomeza shuka bichi na kulitema limekauka na kunyooka. Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko mbele ya nyumba. Ukipita kati ya sponji zilizosimamishwa ukutani na makochi yanayosubiri vitambaa, unatokea jikoni kwetu.

Miaka yote ya ubingwa wake, nyumba yetu ilikuwa na majira mawili: majira ya kula na majira ya kukauka. Neno la kukauka lilikuwa la Mjomba. Huyu ni kaka wa mama yake, bondia wa zamani mwenye pua iliyolala upande, na ndiye aliyemfundisha ngumi tangu akiwa msichana wa shule. Pambano likikaribia, ili mizani isipite hamsini na nne, Sindano aliacha chumvi, akaacha mkate, mwisho akaacha hata maji. Alivaa nailoni chini ya sweta na kukimbia juani. Kazini aliomba apangwe chumba cha mvuke ambacho wenzake wote walikikimbia, nao wakamsifu kwa moyo wake mwema. Siku za mwisho alinyonya kipande cha barafu na kutema mate kwenye chupa. Mtu uliyezoea kutaniana naye unamkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda, midomo imepasuka, ukimwuliza jambo anakujibu kwa nyusi.

Mimi na binti yetu tulijifunza kuishi kwa adabu. Vitunguu nilikaangia karakanani, kwenye jiko dogo, nimefunga mlango wa ndani ili harufu isimfikie. Wateja wakawa wanapelekewa makochi yanayonukia mchuzi. Hakuna aliyerudisha.

Pambano lake la mwisho la bantamu alishinda, lakini raundi mbili za mwisho hakuzikumbuka. Alinisimulia mwenyewe, kwa utulivu, kama mtu anayesema amesahau alipoweka funguo. Siku chache baadaye tulikuwa karakanani sote watatu. Binti yetu alikuwa amepanga wanasesere wake juu ya kipande cha sponji, na mbele yao ameweka vifuniko vya chupa kuwa sahani.

"Huyu baba, anakula," alisema. "Huyu mimi, nakula. Huyu mama."

Mbele ya mwanasesere wa tatu hapakuwa na kifuniko.

"Mbona mama hana sahani?" Sindano alimwuliza.

"Mama anaangalia," mtoto akajibu, akaendelea kulisha wengine.

Tulicheka, sote wawili. Halafu Sindano akainuka akaingia ndani, nikasikia kisu kikikata mkate. Nilipomfuata nilimkuta anakula amesimama, mkate mtupu, bila chai, anatazama dirishani. Nilirudi karakanani. Kuna wakati mtu anahitaji kuachwa na mkate wake.

Wiki iliyofuata alimwambia Mjomba kwamba bantamu basi. Mjomba alifurahi kuliko nilivyotarajia, na sababu yake ilikuwa wazi. Bingwa wa unyoya alikuwa mwanamke anayeitwa Shubiri, dereva wa lori la mchanga, mwenye ngumi chungu na maneno machungu zaidi. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakibishana: Sindano na Shubiri, nani zaidi? Mjomba aliliota pambano hilo. Promota naye alikuwa keshachagua rangi za mabango.

"Nipe mwezi mmoja kwanza," Sindano alimwambia. "Nitafanya mazoezi yote utakayonipa, nami nitakula mpaka nishibe. Mwezi ukiisha tunapima. Mwili wenyewe useme unataka kukaa wapi."

Mjomba akakubali, maana hakuona hatari.

Ule mwezi ulikuwa mtamu. Alikimbia asubuhi, akirudi anakuta mayai. Alipiga mfuko wa mazoezi jioni mpaka minyororo ikalia, akirudi anakuta wali. Mashavu yalijaa. Alianza tena kuimba bafuni, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba anaimba vibaya kiasi kile.

Walipima Jumamosi mchana, kiwandani, kwenye mizani ya kupimia marobota ya mashuka. Wanawake wa pasi walikizunguka kile chombo kama majaji. Sindano akapanda. Mshale ukapita hamsini na saba bila kusalimia, ukaenda ukatulia juu kidogo ya sitini.

Mjomba aliizunguka mizani. Akaipiga teke dogo. Akapanda yeye mwenyewe, ikamwambia ukweli ambao hakuupenda, akashuka haraka.

"Si mbaya," alisema. "Kutoka hapo mpaka unyoya ni kilo tatu na ushee tu. Umewahi kushusha mara mbili ya hizo."

"Mjomba, hiyo 'tu' ndiyo iliyonichosha." Sindano alikuwa anavaa viatu vyake, hana haraka. "Angalia nilivyo leo. Sina kitambi, nakimbia kuliko zamani, nalala vizuri. Nikienda unyoya nitarudi kwenye nailoni na kwenye chupa ya mate. Njaa ni ileile, imebadilisha jina. Kama natoka kwenye njaa nataka nitoke mpaka nje, nisihamie chumba cha pili."

"Kwenye uzito mwepesi kuna watu wakubwa, mwanangu. Watakupiga."

"Watanipiga nimeshiba."

Wanawake wa pasi walicheka, Mjomba hakucheka. "Watu watasema umemkimbia Shubiri."

"Waseme."

Na kweli wakasema. Kinyozi wa jirani alisema huku ameshika kichwa changu, mahali ambapo siwezi kubisha. Mtangazaji wa michezo redioni alisema sindano imepinda. Promota aliacha kupokea simu za Mjomba, na Mjomba akaja karakanani kila jioni kukaa kwenye kochi la mteja na kuguna. Hakumwambia mpwa wake kwamba amekosea. Aliguna tu. Sindano alipita akampa kikombe cha chai, akampiga begani, akaenda zake kufanya mazoezi.

Halafu Shubiri mwenyewe akaja.

Nilikuwa napigilia kitambaa kwenye kochi, misumari midogo imejaa mdomoni, mara kiza kikaingia karakanani. Lori la mchanga lilikuwa limesimama mlangoni na kuziba barabara nzima. Akashuka mwanamke mwembamba mwenye mabega mapana, amevaa ovaroli, uso umekaza.

"Shemeji, habari," alisema. "Mkeo yuko wapi?"

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa na misumari kama ishirini mdomoni.

"Hutaki kuniambia?"

Nikaonyesha mdomo. Akadhani namkejeli. Akakaa kwa hasira kwenye kochi lililokuwa karibu, na lile kochi lilikuwa halijatiwa springi bado, likammeza mpaka magoti yakafika kidevuni. Nilitema misumari yote kiganjani ili nimwombe radhi, naye alikuwa anajitahidi kujikwamua kwa heshima. Hapo ndipo Sindano akaingia na mtoto mkononi, ametoka kazini.

Walitazamana. Sindano akamnyooshea mkono, akamvuta kutoka kwenye kochi.

"Karibu," alisema. "Ungesema unakuja ningemwambia atie springi."

Shubiri hakutabasamu. "Sikuja kukaa. Nimekuja uniambie usoni. Unaniogopa?"

"Kidogo," Sindano akasema. "Nani asiyekuogopa?"

Nadhani Shubiri alikuwa amejiandaa kwa majibu mengi, ila si hilo. Sindano akamwambia aingie ndani, chakula kiko tayari, wataongea mezani. Shubiri akaingia, lakini sahani aliikataa. Alikuwa na pambano la kutetea mkanda wake karibuni. Akakaa kwenye kiti cha pembeni, mikono katikati ya mapaja, sisi tukaanza kula.

Sindano alikula vijiko viwili, akaweka kijiko chini.

"Unajua unaangalia nini?" alimwuliza taratibu.

"Naangalia nini?"

"Kijiko. Kikipanda macho yako yanapanda, kikishuka yanashuka. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa najua idadi ya punje kwenye sahani ya mume wangu."

Shubiri akageuza uso. Midomo yake ilikuwa imepasuka, niliiona vizuri sasa.

"Dada yangu, nikija kwenye uzito wako sitakuja mimi," Sindano aliendelea. "Atakuja mtu aliyekauka, kupigana na mtu mwingine aliyekauka. Watu watapiga makofi, lakini mimi na wewe hatutakuwa tumekutana. Sijaruka uzito wako kwa dharau. Nimeruka kwa sababu nimepata kujua nina kilo ngapi."

Binti yetu, ambaye hakuna aliyemwomba maoni, alimsogezea mgeni kikombe cha maji.

Shubiri alikitazama kile kikombe kwa muda. Akaweka kidole ndani, akalowesha midomo, akakirudisha mezani. "Ahsante, mwanangu," alisema. Kisha akainuka. Mlangoni alinigeukia mimi. "Shemeji, lile kochi litie springi. Utaua mtu."

Tulidhani hatutamwona tena. Lakini aliposhinda pambano lake, asubuhi iliyofuata lori liliziba barabara tena. Safari hii alikuwa na jicho limevimba na tabasamu.

"Nimekuja kula," alisema.

Akala. Sijawahi kumwona mtu akila namna ile, kwa makini, kama anayesoma. Alipomaliza akapangusa mdomo na kusema kwamba amesikia Sindano amepewa nafasi ya kugombea mkanda wa uzito mwepesi. Tulijua hilo, promota alikuwa amepiga simu mwenyewe, sauti imelainika, maana jina la Sindano lilikuwa bado linauza tiketi. Bingwa alikuwa mwanamke wa kikosi cha zimamoto, na jina lake la ulingoni ni hilohilo, Zimamoto.

"Utafanya mazoezi na nani?" Shubiri aliuliza. "Wasichana wa Mjomba wote ni wadogo. Mimi sasa hivi nimekula, wiki ijayo nitakuwa na kilo kama zako au zaidi. Na napiga vibaya. Nitumie mimi."

Mjomba alipoambiwa aliondoka chumbani akaenda kusimama uani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la sponji.

Basi lile pambano ambalo watu walilitaka sana lilipiganwa kila jioni kwenye ukumbi wa Mjomba, bila tiketi, mimi na binti yangu tukiwa watazamaji pekee. Siwezi kukwambia nani alikuwa zaidi. Kuna jioni Shubiri alimpeleka mke wangu kwenye kamba mpaka nikafumba macho. Kuna jioni Shubiri hakumgusa hata mara moja, akavua glovu akazirusha ukutani, kisha wakaenda kunywa maji pamoja, wakicheka.

Asubuhi ya kupimwa uzito Sindano alikunywa chai na mkate na mayai mawili. Mjomba alikaa amegeukia ukuta ili asione. Miaka yote aliyofanya kazi hii hakuwahi kumwona bondia akipata kifungua kinywa kabla ya mizani. Tulipofika Zimamoto alikuwa amekwisha kupimwa, amevaa taulo, mrefu, mabega kama kabati. Sindano akapanda na suruali yake ya mazoezi mwilini, na bado alikuwa chini ya kilo sitini, maana zile jioni na Shubiri zilikuwa zimempunguza kidogo. Ofisa akamwambia akipenda anaweza kuivua. Akasema haina shida, anasikia baridi.

Pambano lilikuwa kesho yake alasiri, katika ukumbi wa chuo, madirisha wazi na watu wamekaa mpaka kwenye ngazi. Wanawake wa pasi walikuja na shuka la hoteli waliloliandika jina lake. Sijui walimwambia nini meneja.

Mjomba alikuwa amesema watu wa uzito huu ni wakubwa, na hakukosea. Raundi ya kwanza Sindano alichoma, akatoka, akachoma. Raundi ya pili Zimamoto alimwacha achome, akaingia naye. Raundi ya tatu ngumi ya kulia ilimpata mke wangu juu ya sikio, nikamwona anakaa chini, polepole, kama mtu aliyeambiwa karibu kiti. Binti yangu alinishika kidole. Mwamuzi akaanza kuhesabu.

Alisimama. Si kwa pupa. Alipiga goti, akasikiliza hesabu, akasimama, na niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye mapambano yake ya bantamu: miguu ilikuwa chini yake. Zamani akipigwa namna ile miguu ilikuwa inamtafuta.

Mapumzikoni Mjomba alimwinamia uso kwa uso. "Unanisikia?"

"Nakusikia, Mjomba. Kifungo chako cha pili kimefunguka."

Mjomba akajitazama shati. Akakifunga. Aliniambia baadaye kwamba tangu hapo hakuogopa tena.

Kuanzia katikati mambo yalianza kugeuka. Zimamoto alikuwa mkubwa lakini alianza kuhema, naye Sindano alikuwa bado anacheza kama aliyeingia sasa hivi. Alichoma. Alizunguka. Raundi za mwisho, zile ambazo zamani alizipigana gizani, alizipigana akiwa macho, na mara moja nilimwona akicheka baada ya kukwepa ngumi, kicheko kifupi cha mtu anayependa kazi yake. Nyuma yangu Shubiri alikuwa amesimama juu ya kiti, anapiga kelele za maelekezo ambazo hakuna aliyezisikia.

Majaji hawakukubaliana. Mmoja alimpa Sindano, mmoja alimpa Zimamoto, wa tatu akasema wametoshana. Sare. Na sare humwachia bingwa mkanda wake.

Kwa hiyo tulirudi nyumbani bila mkanda wa zamani na bila mkanda mpya, na kinyozi alipata la kusema wiki nzima. Mke wangu alikaa kwenye beseni la maji ya moto, sikio limekuwa kama andazi, akanisimulia pambano lote, raundi moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja. Alikumbuka rangi ya soksi za mwamuzi. Alikumbuka Zimamoto alimwambia nini walipokumbatiana mwishoni: "Nani alikudanganya kwamba wewe ni mdogo?" Alisimulia mpaka maji yakapoa, nikaongeza mengine, akaanza upya. Sijui kama nimewahi kumwona na furaha kama ile siku alizoshinda.

Yeye na Zimamoto walirudiana ulingoni baada ya miezi kadhaa, na safari hiyo majaji wote watatu walisema Sindano. Watu wananiuliza zaidi kuhusu siku hiyo, lakini mimi sina mengi ya kusema. Alipigana vizuri, akashinda, tukala.

Na Shubiri? Mwaka uliofuata naye aliuacha mkanda wa unyoya. Alikuja kutuambia mwenyewe, amekaa mezani, sahani ya pili mbele yake. Alisema mwili wake nao umesema unataka kukaa wapi, na kwa bahati mbaya ni hapohapo alipo mke wangu.

"Sasa tutafanyaje?" Sindano aliuliza.

"Tutapigana," Shubiri akasema. "Kuna jingine?"

"Hakuna."

Wakapeana mikono juu ya bakuli la mboga. Mjomba aliweka kijiko chini akawatazama kama mtu aliyeletewa zawadi ambayo hajui aishike wapi, maana sasa wote wawili walikuwa wake. Ikabidi waachane na mazoezi ya pamoja, kila mmoja na ukumbi wake, na Mjomba kapewa amri ya kutopeleka habari huku na kule, jambo linalomtesa sana.

Lakini Jumapili mchana lori bado linaziba barabara. Majirani wamezoea, wanapitia uani kwetu. Sindano na Shubiri wanakula, wanasaidiana vyombo, wanaongea kuhusu kila kitu chini ya jua isipokuwa ngumi. Jumapili iliyopita nilimwuliza Shubiri, kwa utani, kama hajisikii vibaya kula chakula cha mtu atakayempiga.

"Shemeji," alisema, akivuta sufuria karibu, "mimi nataka awe na nguvu. Na mimi niwe nazo. Nisogezee chumvi."